Nyota ya manila, mishumaa ya nta: mapambo ya sikukuu ya kitajiri kwa mfuko wa Tabora (Kigoma karibuni)

#1 NtaMbichi

Mwangaluka wanajukwaa.

Wifi yangu anaishi Ujerumani. Desemba iliyopita alinirushia picha ya sebule yake: mishumaa minne ya rangi ya asali imesimama kwenye kibao, nyasi kavu zenye manyoya ndani ya mtungi mweupe, na dirishani nyota kubwa yenye miiba kila upande inawaka. Nikamuuliza bei. Akanitajia kimoja kimoja. Nikabadilisha kwa shilingi, nikaweka simu kifudifudi, nikaenda kuchochea maharage.

Nikiwa pale jikoni ndipo akili ikanirudia. Ile mishumaa ni nta. Nta tupu ya nyuki! Kule mishumaa mingi ni ya parafini, inayotokana na mafuta ya petroli, kwa hiyo wa nta unauzwa kama kitu cha anasa. Na mimi nimezaliwa Tabora, mji wenye chuo kizima cha ufugaji nyuki, nimekua nikiona masega yanakamuliwa asali halafu machicha yanatupwa nyuma ya nyumba, inzi na sisimizi wanagombania.

Sisi tunafanyaje? Tunakwenda dukani kununua shada la plastiki la kijani linaloanza kupukutika kwenye kapeti tarehe 20, na ile mishumaa ya betri inayokufa kabla ya mwaka mpya. Mzungu anaiga mti kwa plastiki, sisi tunaiga plastiki yake. Mwaka huu nikasema basi. Nitaiga umbo la kile cha gharama, lakini kwa vitu vya hapa hapa. Nimeharibu vingi, nimepata vichache, nawaletea vyote.

Nianze na nta maana ndiyo niliyoishika vizuri.

Masega nilipata kwa mama mmoja anayetengeneza wanzuki (pombe ya asali) huku Isevya, ndoo nzima ya machicha, akanishangaa kwa nini nalipa. Nikayaloweka usiku kucha kwenye maji ili asali iliyobaki itoke (ukiruka hapo, nta yako itanata kama ubani). Asubuhi nikayachemsha kwenye maji mengi, moto mdogo, nikachuja kwa gunia la mkonge huku nakamua kwa vijiti viwili. Ule mchuzi unauacha upoe wenyewe usiku mzima, usiuguse. Asubuhi yake unakuta sahani ya njano imeelea juu, ngumu, chini yake kuna tope jeusi. Unalikwangua kwa kisu, unarudia mara ya pili. Mara ya tatu rangi ilikuwa ya asali kabisa, na jikoni kunanukia kama porini mwezi wa sita.

Sufuria ya alumini au ya stili haina shida. Chuma kitupu na shaba vinachafua rangi ya nta. Nilijaribu karai la chuma la zamani, nikapata kitu cha rangi ya matope ambacho sasa nasugulia zipu.

Kuyeyusha ili umimine: SUFURIA NDANI YA SUFURIA YA MAJI. Sisemi kwa utani. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, maji yanayochemka yanatosha na kuzidi. Ukiiweka moja kwa moja kwenye mkaa inaweza kushika moto, na moto wa nta usiumwagie maji. Funika na mfuniko, ondoa jikoni.

Utambi ulinisumbua wiki mbili. Uzi wa kushonea ulizama, uzi wa nailoni uliyeyuka ukanuka. Jibu lilikuwa dukani kwa Mpemba siku zote: tambi za jiko la mafuta ya taa. Ni za pamba. Unachomoa nyuzi, unasuka tatu kama nywele, unachovya kwenye nta kwanza, unanyoosha ukauke. Nta ni nzito kuliko parafini, inataka utambi mnene. Ukiweka mwembamba unachimba kashimo katikati na kuzimika.

Kalibu ni kipande cha bomba la plastiki la maji, kimepasuliwa upande mmoja kwa msumeno halafu kikafungwa na mpira. Kilo moja ilinitolea mishumaa mitano ya kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa 10. Usiipoze kwenye friji, inapasuka.

Nyota nitaileta nikipumzika, ile ina hesabu.

#2 Kibatari_Koroboi

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Picha?

#3 NtaMbichi

Simu ya kwangu kamera imeingia vumbi, kila kitu kinatoka kama kimepigwa wakati wa Mirambo. Nitaazima.

#4 MzeeWaHoja

Watu hawana ada za Januari, nyie mnachemsha masega mpate mishumaa ya kupendezesha meza. Tanesco ikikata mnawasha ya shilingi mia mbili maisha yanaendelea. Mambo ya kuiga.

#5 BintiKibirizi

Mzee wangu shikamoo. Kwani bibi yako hakupaka nyumba udongo mweupe na mweusi siku ya sikukuu? Aliiga nani?

NtaMbichi mwakeye dada, huku Kigoma. Hizo nyasi za manyoya kwenye picha ya wifi yako kwao zinaitwa pampas, asili yake Amerika ya Kusini, huko Ajentina. Nimeziona Instagram watu wanauza shina moja bei ya kilo ya nyama. Sasa njoo uone matete na mabingobingo kandokando ya ziwa yalivyofumuka. Nilipamba nayo Idi. Nikupe ushuhuda, lakini usicheke.

Nilikata yale yaliyokwisha kufumuka, meupe, yamevimba kama mkia wa paka. Mazuriii. Nikayapanga kwenye chungu kirefu pembeni ya kochi la wageni. Siku ya Idi mama mkwe kaja na bui bui jipya jeusi, kakaa pale pale. Feni ikawashwa. Mimi niko jikoni napakua pilau nasikia watu wanapiga chafya, mmoja, wawili, sebule nzima. Natoka nakuta mama mkwe amegeuka kuku aliyenyonyolewa nusu. Manyoya kwenye bui bui, kwenye nyusi, kwenye kikombe cha chai. Hakusema kitu. Alitoa moja ulimini, akaliangalia, akaliweka pembeni ya sahani.

Mpaka leo akija anauliza, "Leo umefagia?"

#6 Kibatari_Koroboi

😂😂 Alitoa moja ulimini!!

#7 BintiKibirizi

Nilichojifunza ni hiki. Yakateni yakiwa bado yamebana, kichwa kimetoka kwenye ala lakini hakijafumuka, rangi bado ya zambarau au kahawia. Fungeni mafungu madogo, mning'inize kichwa chini kivulini wiki mbili, pasipo na jua maana linayakausha upesi yakavunjika. Yatafumuka kidogo yenyewe. Halafu nje ya nyumba, siyo sebuleni, pulizieni dawa ya kushikiza nywele, ile ya kopo ya saluni. Acheni yakauke, pulizieni tena. Yangu ya mwaka huu yana miezi mitano hayajadondosha hata unyoya. Ila msiyaweke karibu na hiyo mishumaa ya dada, kwa kweli yanashika kama petroli.

#8 FundiRangi_Mwanga

Na ule mtungi mweupe wa picha msinunue. Chupa yoyote ya mvinyo. Ikwaruze kwa msasa, pakaa mkono mmoja wa rangi ya mafuta nyeupe, maana rangi ya maji peke yake kwenye kioo inabanduka kama ngozi ya mjusi. Ikikauka, chukua rangi ya maji iliyobaki ya ukutani, changanya na mchanga wa ufukweni uliochekechwa kwa chandarua. Pakaa kwa brashi iliyochoka, mikono miwili. Inatoka kama jiwe lililofinyangwa. Msiitie maji, ni ya maua makavu tu.

#9 MamaVyungu

Fundi, samahani. Kioo ukikwaruze, ukipake, ukitie mchanga, kisa kifanane na chungu. Si ununue chungu? Sokoni akina mama wamevipanga chini, unachagua unakigonga kwa kidole kusikia kama kimepasuka, unaondoka nacho kwa bei ndogo kuliko brashi yako.

#10 FundiRangi_Mwanga

Mama nimekosa. Lakini chungu cheupe hawana.

#11 MamaVyungu

Kipake chokaa.

#12 NtaMbichi

Mama Vyungu umemaliza. Hicho ndicho nilichotaka kusema kwenye posti ya kwanza nikazunguka sana.

Haya, nyota.

Kwanza niseme ilikotoka, maana nilipomwonyesha mama yangu ile picha ya wifi alisema, "Hiyo si nyota ya kanisani?" Sisi ni Wamoravian, kama nusu ya mtaa wetu. Kumbe ni kweli. Nyota hii inaitwa ya Herrnhut, kwa jina la mji mdogo Ujerumani ambako Kanisa la Moravian lilijengwa upya karne ya 18. Yenyewe ilianzia miaka ya 1830 kwenye shule ya bweni ya Wamoravian kule Niesky, kama zoezi la hesabu za maumbo. Wanafunzi waliikata kwa karatasi! Baadaye ndipo ikawa biashara, ikatengenezwa kiwandani Herrnhut mpaka leo. Inatundikwa tangu Majilio, yale majuma ya kungojea Krismasi, hadi Epifania mapema Januari.

Kwa hiyo mnaoogopa kuwa ya karatasi ni ya kimaskini, tulieni.

Hesabu yake ndiyo tamu. Nyota ina nafasi 26. Kumi na nane zina kitako cha mraba, nane zina kitako cha pembetatu. Mraba mmoja wa juu unauacha wazi kwa ajili ya balbu, kwa hiyo unatengeneza pembe 25: kumi na saba za pande nne, nane za pande tatu.

Nilichukua kila upande wa kitako sentimita 6 na urefu wa mkunjo sentimita 18. Fungua bikari sentimita 18, chora tao kwenye karatasi ya manila. Halafu funga bikari hadi 6, pima kwenye tao lile lile mara nne, alama, alama, alama, alama. Unganisha kila alama na kitovu, unganisha alama kwa alama. Umepata pembetatu nne zimeshikana kama kipepeo cha mkaa. Hiyo ni pembe moja ya pande nne. Kwa ya pande tatu unapima mara tatu tu. Ongeza sikio la kupaka gundi la sentimita moja kwenye ubavu mmoja na kwenye kila kitako. Mistari yote ipitie kwa kalamu iliyokwisha wino ukitumia rula, ndipo mkunjo unanyooka. Bila hivyo inatoka kama kona za samosa.

Jumla utakunja pembetatu 92. Usifanye zote kwa siku moja, vidole vitakuchukia. Mimi nilifanya pembe tano kila jioni mkaa ukiwaka.

Manila nne nyeupe zilitosha na nafasi ya kukosea, gundi nyeupe ya mbao kopo dogo, vibanio vya nguo kumi. Pamoja na balbu na waya sikufika elfu kumi na tano.

Kuunganisha: anza na mkanda. Pembe nane za mraba, kitako kwa kitako, mduara unaofunga. Juu ya mkanda panga mraba, pembetatu, mraba, pembetatu, zamu kwa zamu hadi nane. Kule chini vivyo hivyo, na katikati ya chini mraba wa mwisho. Juu ndiyo tundu. Masikio ya vitako yanatazama ndani, unagandisha sikio kwa sikio unabana na kibanio.

Tatizo lilikuja mwishoni. Ile pembe ya mwisho kabisa masikio yake yako ndani na kibanio hakifiki. Njia ni moja, kuingiza mkono kwa lile tundu la sentimita 6. Wangu ukakwama kwenye kifundo. Nikamwita mwanangu, ana miaka 9. Mkono ukaingia mpaka kiwiko, akabaki amebinya huku amefumba macho na kuihesabia gundi ikauke, moja hadi mia tatu. Alipofika mia mbili na themanini dada yake akamchekesha akaanza upya.

#13 Mhasibu_Mtaani

Hapo kwenye hesabu nimethibitisha. 17 mara 4 ni 68, 8 mara 3 ni 24, jumla 92. Dada hajadanganya.

#14 Kaka_wa_Ipuli

Manila inapitisha mwanga kidogo sana. Ukiipaka mafuta ya kula inakuwa ang'avu, tulikuwa tunafanya hivyo na taa za karatasi utotoni.

#15 NtaMbichi

Kaka USIFANYE HIVYO. Karatasi yenye mafuta juu ya balbu ni kuni. Uache mwanga uwe mpole, ndio uzuri wake, kwenye ile mianya ya gundi unapita mstari mwembamba.

Na ninalo la kukiri. Nyota yangu ya kwanza niliiwekea balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya. Saa moja haikupita nikasikia harufu ya mkate. Pembe ya juu imekuwa kahawia, na karatasi ukiigusa inapasuka kama biskuti. Sasa natumia ya LED ya wati 3, imening'inia katikati haigusi popote, na tundu la juu liko wazi joto litoke. Tukienda kulala tunazima.

#16 MlinziWaMizinga

Nimechelewa, nilikuwa porini Sikonge. Dada kazi nzuri. Niongeze upande wa nta maana nimeona watu watakimbilia kununua.

Nta unayouziwa mjini inaweza kuwa imechanganywa na parafini. Ivunje ikiwa baridi. Nta halisi pale ilipovunjika ina chembechembe, kama sukari guru. Ukiona pamevunjika laini panang'aa, na ukisugua kidole kinateleza kama umeshika mshumaa wa dukani, weka chini. Na inuse. Nta inakumbuka asali hata baada ya mwaka.

La pili, mtakuja hapa mnalia baada ya mwezi kuwa mishumaa imeota ukungu mweupe. Siyo ukungu. Ni nta yenyewe inatoa unga juu inapokaa kwenye baridi. Ifute kwa kitambaa laini, au ipitishe karibu na joto la jiko, inarudi. Wazungu wanauona ni dalili ya ubora.

La tatu, mizinga ya magome iliyochakaa msichome. Kuna mtu mjini alinichukulia miwili iliyopasuka, akaikata pande fupi fupi, akaikausha na kuipiga brashi, akaweka maua makavu ndani. Sikuamini ni mzinga wangu. Lakini tafadhalini, gome la mzinga ulioisha, siyo mkabandue mti mzima. Myombo ukibanduliwa mzunguko mzima unakufa umesimama.

#17 MzeeWaHoja

Hiyo ya mzinga ina maana. Nina mmoja uko juu ya dari tangu baba afariki.

#18 Kibatari_Koroboi

Mzee ameanza kulainika jamani.

#19 MzeeWaHoja

Nimesema mzinga. Sijasema nyota.

#20 BintiKibirizi

Nirudi na la kwetu. Ramadhani nilitaka taa zile za kuning'iniza za vioo, za mtindo wa Kimisri. Mtandaoni bei haisemeki. Nikakumbuka karabai.

Kwa wasiojua, dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa mwanga. Zamani mtumbwi ulibeba karabai, sasa wengi wamehamia taa za betri na sola. Kwa hiyo karabai zilizokufa zimejaa kwenye vibanda. Hazina kazi, lakini umbo lake, ile kofia na kioo na tumbo la shaba, hakuna duka la Ulaya lisilotamani.

Siri ya kununua: nenda wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaendi ziwani maana taa haivuti dagaa, wako nchi kavu wanashona nyavu na wana muda wa kukaa na wewe. Ukienda giza la mwezi utakuta wamelala mchana na bei anakutajia mtu aliyeamshwa usingizini. Mimi nilinunua tatu, moja haina kioo.

Kwanza mwaga mafuta ya taa yote, osha kwa sabuni na maji ya moto mara nyingi mpaka harufu itoke, acha wazi juani siku tatu. Fungua sehemu ya pampu itoe. Halafu shaba yake: kata limau, chovya kwenye chumvi, sugua. Chumvi ya Uvinza, tena ile ya chenga, inakwangua vizuri. Limau mbili, karabai ikawa kama imetoka kiwandani jana. Ndani nikaweka balbu ndogo ya LED ya betri. SIYO kuiwasha tena kwa mafuta, vyombo vilivyochoka vinalipuka.

Tumezitundika barazani mwezi mzima, watoto wa madrasa wakipita wanasimama. Mama mkwe naye alizipenda. Aliuliza tu kama zinadondosha kitu.

#21 Msafiri_wa_Reli

Mimi nipo Dar nimezaliwa Ujiji. Hizo karabai naweza kuuziwa? Na nyota? Nina wateja wa Masaki, tajeni bei tu.

#22 BintiKibirizi

Njoo pm.

#23 NtaMbichi

Nyota siuzi kaka. Nimejaribu kupiga hesabu ya saa nilizokaa, nikiuza kwa bei ya haki utaniona mwizi, nikiuza kwa bei yako nitajiona mjinga. Mishumaa sawa, tuongee. Ila isafirishwe usiku, ndani ya pumba za mpunga. Nilipeleka kumi kwa basi la mchana, ikafika imeinamiana kama watu msibani.

#24 Mama_Chikichi

Na mimi wa Mwandiga niseme kidogo. Shada la mlangoni nimefanya kwa maganda ya mise, zile kokwa za chikichi. Mise tukishaivunja kwa ajili ya mafuta, maganda tunachomea jiko. Nilichagua yaliyopasuka nusu kwa nusu, meusi yanang'aa. Nimepinda waya wa kufungia nondo ukawa duara, nikauviringishia kamba ya makuti, nikagandisha maganda kwa gundi moto, magamba juu ya magamba kama ya samaki. Katikati riboni nyekundu ya kitenge.

Kosa langu: sikuyachemsha kwanza. Mafuta yaliyobaki yakachacha, wiki ya pili mlango unanuka, na asubuhi nakuta njia ya sisimizi kutoka kizingitini hadi kwenye riboni. Yachemsheni na sabuni, anikeni wiki nzima, ndipo mgandishe. La pili limekaa tangu Pasaka.

#25 Kaka_wa_Ipuli

Nimeanza nyota. Niko pembe ya 11. Mke wangu anauliza kama nimeacha kazi.

#26 Kaka_wa_Ipuli

Pembe ya 19. Nimegundua mkanda wangu una pembe tisa. Duara limefunga lakini limekaa kama boga. Nafumua.

#27 Mhasibu_Mtaani

Nane kaka. Dada aliandika nane.

#28 Kaka_wa_Ipuli

Najua ni nane. Mtoto alikuwa ananiletea.

#29 NtaMbichi

Leo tarehe 24, nimeazima simu, picha zipo chini ya posti. Ya kwanza ni mishumaa. Mnaona mmoja umeinama kidogo, ni ule wa kalibu lililofungwa vibaya, nimeuweka nyuma. Ya pili ni matete, Binti Kibirizi alinitumia fungu kwa treni, hayajadondosha kitu mpaka sasa na nimeyaweka mbali na feni na mbali na wifi. Ndiyo, wifi yuko hapa! Amekuja likizo. Ameishika nyota akaizungusha, akahesabu pembe, akaniambia ya kwake ina moja iliyobonyea tangu anunue.

Ya tatu ni nyota yenyewe barazani. Nimeitundika nje maana ndani haina nafasi, na mtaa wetu hauna taa. Inaonekana mpaka kule barabarani.

Sasa sikilizeni. Jana usiku, saa tano imepita, tumekaa tunapiga stori, tukasikia hodi. Kijana na mkewe, begi mgongoni, mtoto kalala begani, wameshuka treni. Wanauliza kama kuna chumba na bei gani kwa usiku. Wameona nyota inawaka wakajua ni gesti.

Mama akawaambia hapa si gesti, ni nyumba ya watu. Wakaomba radhi wakageuka. Walipofika getini mama akawaita, akauliza kama wamekula.

Wako kwenye chumba cha watoto, bado wamelala. Naenda kuchemsha chai.